Mbao Alizozilamba Gicheru

Mume wangu hulamba mbao. Naanza na hilo kwa sababu sijawahi kupata njia nzuri ya kulisema. Gicheru akiletewa ubao, kwanza anaugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kisha anauinua kama mtu anayetaka kumenya muwa, anautia ulimi. Ati ulimi ukinata, ubao umekauka. Ukiteleza, bado una maji, urudi ukae. Nilimwambia kuna watu wana mashine ya kupima hayo. Akanijibu kwamba mashine itampa namba tu, na yeye hataki namba. Nikafyonza, nikaenda zangu jikoni.

Tunaishi Kitale, upande wa Kibomet. Mchana yeye ni fundi wa mota. Mota ya mashine ya posho ikiungua, au pampu ya kisima ikikataa, analetewa yeye, anatoa waya zilizoungua na kufunga mpya. Hiyo ni kazi ya heshima na sina neno nayo. Neno ninalo akirudi nyumbani. Nyumbani ndiko anakotengeneza magitaa ya stima, na nyumbani maana yake ni kwa meza yangu, sufuria zangu na cherehani yangu.

Cherehani ndiyo anayotumia kufunga waya. Ile sehemu inayojaza uzi kwenye bobini, yeye anaichomeka sumaku na kuizungushia waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, hadi iwe nene vya kutosha kukaa chini ya nyuzi za gitaa na kushika mlio wake. Mimi hushona sare za shule. Siku moja mzazi alinirudishia sketi kwa hasira, ndani ya pindo kuna waya wa shaba unamchoma mtoto wake pajani. Nilipomwonyesha Gicheru, swali lake lilikuwa moja: huo waya ulikatika au ni mzima?

Lakini hayo ni madogo. Mifupa ndiyo mibaya. Pale juu kwenye shingo ya gitaa pana kipande kidogo chenye mikato ambamo nyuzi hupita, na mtu wangu hakubali plastiki hata kidogo, anataka mfupa wa mguu wa ng'ombe. Anautoa buchani, anauchemsha katika sufuria yangu kubwa hadi mafuta yote yatoke, na nzi wa Kibomet nzima wanapata habari. Akiukata kwa msumeno, vumbi lake linanuka kama jino linalotobolewa na daktari. Mimi nilitoka kwetu Kabuchai kuja kuolewa, sikuja kuishi kichinjioni.

Gitaa likiisha, kuna kurekodi. Hapo ndipo tunafungwa midomo wote. Anasimamisha godoro letu ukutani, anaingiza spika ndani ya kabati la nguo katikati ya magauni yangu, anaweka maikrofoni mbele yake na kufunika kila kitu kwa blanketi. Kuku wanafungiwa. Jerono, jirani yetu, anaombwa asipasue kuni. Kila gitaa linapigiwa kipande kile kile, ili msikilizaji apime mbao, asipime wimbo. Na kabla ya kupiga, Gicheru anasema kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni kwamba mbao hizi ni za mti gani na zimetoka kwa nani. Ati ubao nao una kwao. Kisha anawatumia watu kwa simu, wachague.

Sasa, pamoja na kinyaa chote anachonitia, kuna jambo moja ambalo hata nikiwa na hasira siwezi kulisema vibaya. Mtu huyu aliwaheshimu wazazi wangu.

Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hakai karibu naye, haingii jikoni mwake, na choo cha boma lake hakikanyagi. Gicheru ni Mkikuyu, wazazi wake walikuja kulima huku Trans-Nzoia kabla hajazaliwa, na tulipooana watu wa kwetu walisema mambo hayo tumsamehe, yeye si wa huku. Yeye akakataa kusamehewa. Tukienda Kabuchai akibanwa, anavuka barabara hadi kwa jirani. Mvua inyeshe, tumbo limkate, anavuka. Nimemwona akivuka na koti kichwani, wajomba zangu wamekaa barazani wanamcheka, yeye anawapungia mkono.

Na pamoja na kuvuka kote huko, bado kwetu aliitwa yule wa Rispah, yaani wangu mimi. Dada yangu Nabwile ameolewa Sirisia, na mume wake anaitwa mkwe wetu. Wangu anaitwa yule wa Rispah, kama begi nililosahau mlangoni. Hakuwahi kulalamika, lakini niliona. Wakigawa nyama sikukuu, kipande cha mkwe kikienda kwa wa Sirisia, Gicheru aliangalia pembeni na kuanza kuuliza watoto habari za shule.

Ndipo akaja Makokha, kaka yangu. Makokha anaongoza kwaya ya kanisa moja upande wa Kibabii, na kwaya ilikuwa inataka gitaa. Gicheru akaahidi kuwatengenezea, akasema anachokosa ni mvule mkavu wa zamani, kwa sababu mbao za siku hizi zinauzwa mbichi. Makokha akasema hilo amwachie yeye. Akaja Kitale siku ya soko, mimi nikiwa na sare zangu sokoni, akashusha mbao nene za mvule zilizopigwa randa upande mmoja. Akasema ni za marehemu mzee wetu, na familia imeona zikae kwa Gicheru.

Nilimkuta Gicheru amekaa chini uani, mbao ziko mbele yake. Alinieleza kama mtu aliyeletewa mtoto. Familia imeona. Alirudia hilo neno mara nyingi sana, ati Mama Wahu, familia imeona. Kisha akaanza kuzilamba. Ulimi ulinata kwenye ule wa kwanza, na hiyo ingetosha, lakini alizilamba zote, na hata alipomaliza alirudia mmoja ambao ulimpendeza zaidi. Mimi nilijua mzee alikuwa na tabia ya kuweka vitu darini, nikadhani zimetoka huko.

Alipozikata nilisikia harufu. Mvule wenyewe vumbi lake hupalia, unapiga chafya hadi machozi, lakini chini ya hiyo palikuwa na harufu nyingine, nzito, kama ya kitu kilicholala mahali pabaya. Nikailaumu mifupa. Nikaenda nikamwaga ile supu yake yote, tukagombana siku nzima.

Gitaa likaisha. Nyuma yake palikuwa na alama nyeusi ya mviringo iliyoungua kwenye mbao, na Gicheru hakuiondoa. Aliipaka mafuta ikang'aa, akasema hiyo ndiyo sahihi ya mzee. Kisha godoro likasimama ukutani, kuku wakafungiwa, na mimi nikakaa jikoni na ungo wa mchele nikimsikia akisema maneno yake. Alisema hivi: "Hii ni mvule ya Kabuchai. Ni mbao za marehemu mzee Jotham, zawadi kutoka kwa wakwe zangu. Nawashukuru kwa kunihesabu mtu wao. Sasa sikilizeni."

Akapiga. Mimi si mtu wa kumsifu, mnanijua sasa, lakini mikono yangu ilisimama juu ya mchele. Mlio ulikuwa mnene chini, juu umetakata, na uzi mmoja ukiguswa ulikawia hewani hadi unaanza kuungojea uishe na hauishi. Sijawahi kusikia gitaa lake lolote likilia hivyo. Kwaya wakasikia wakasema hilo hilo. Wakaipeleka ile rekodi simu kwa simu, Kibabii, Kabuchai, hadi kwa watu wasiojua gitaa ni nini. Ikamfikia mama yangu.

Mayi Phelista hapendi simu. Akipiga ujue kuna mgonjwa. Siku hiyo aliuliza habari za watoto, habari za mvua, kisha sauti yake ikashuka.

"Rispah, hizo mbao anazosema baba Wahu ni gani?"

Nikamwambia ni za mzee, si mliamua zije kwake. Akasema hakuna mtu aliyeamua kitu.

"Mzee alikuwa na mvule mahali pamoja tu," akasema. "Kule nyuma."

Kule nyuma ni choo. Mzee wangu, enzi za ujana wake, alisikia habari ya mama fulani aliyetumbukia chooni baada ya miti ya sakafu kuoza, na hofu hiyo haikumtoka. Aliangusha mvule uliokuwa kwenye shamba lake, mti ambao wengine wangetengenezea vitanda na milango, akautandika wote chooni ili mkewe asije akaanguka. Tulikulia juu ya mbao hizo. Boma zima, wageni wa matanga, wageni wa harusi, miaka yote hiyo. Baada ya mzee kufariki walijenga choo kingine cha saruji, na cha zamani Makokha akasema atakibomoa yeye.

Nikaenda nikaligeuza lile gitaa. Ule mviringo mweusi naujua. Koroboi ya kwetu ilikuwa na tako lililobonyea upande mmoja, na jioni iliwekwa mahali pale pale, karibu na mguu wako wa kulia ukichuchumaa. Upande mmoja wa mviringo ulikuwa umebonyea. Nilitapika nje ya mlango kabla sijafika bombani.

Wala si choo chenyewe kilichonitapisha. Nimelea watoto, choo nakijua. Ni ule ulimi. Kila nikifumba macho nilimwona mume wangu ameketi uani na furaha yake, anaulamba ubao, anaridhika, anaulamba tena. Mtu aliyevuka barabara kwenye mvua ili asikanyage choo cha mama mkwe wake, alikuwa ameletewa choo chenyewe hadi kwake, akakitia mdomoni na kusema asante.

Nikampigia Makokha. Sikumsalimia. Nilimuuliza kama alijua, na akacheka, akasema kwani mimi nilidhani mvule mkavu wa zamani unaota wapi. Ati alizisugua, akazianika juani, akazipiga randa, mbao ni safi kuliko meza yangu ya kulia. Nikamuuliza kuhusu heshima ya mkwe. Jibu lake nitazikwa nalo.

"Rispah, hizo ni mila zetu bana. Yeye si wa kwetu. Hazimshiki."

Nikamuuliza kama hizo mbao angempelekea mume wa Nabwile kule Sirisia. Akaanza kusema kitu, akaacha. Basi nikajua, na nikakata.

Mayi naye alipiga tena, safari hii analia, akaniomba ninyamaze. Gicheru akijua hatakanyaga Kabuchai tena, akasema, na atakuwa na haki, na yeye ataiweka wapi sura yake. Mama yangu namheshimu sana. Lakini niliona Gicheru akilifuta gitaa kwa kitambaa, anaufuta ule mviringo kwa utaratibu kama uso wa mtoto, nikashindwa. Nikamwambia kila kitu, hata yale ya kutokuwa wa kwetu.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama mama anajua, nikasema anajua na anaumia. Akaenda bombani. Akasukutua mdomo kwa maji, akarudi akachukua chumvi, akasukutua tena, kisha akapiga mswaki. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni nalia kwa hasira, namsikia akitema, akitema. Aliporudi alisema Jumamosi tutaenda kama tulivyopanga. Mpango ulikuwa gitaa lipitie kwanza kwa Mayi, kwa sababu ni mbao za mzee, na watu wa kwaya walipokee hapo.

Jumamosi walikuwepo. Watu wa kwaya walikaa kwenye viti vya plastiki uani, Nabwile alikuwa anagawa chai, wajomba barazani, na Mayi mlangoni kwa jiko lake, leso mabegani, mbali na mkwe kama desturi inavyotaka. Makokha alisimama mbele kupokea. Kwanza alikwepa macho yangu, kisha alipoona hakuna anayesema neno akachangamka, akaanza utani wake. Gicheru akalitoa gitaa kwenye mfuko, akamnyoshea.

"Shemeji, mimi sitoi gitaa kabla ulimi haujapita juu yake," akasema. "Leo pitisha wewe."

Kwaya wakacheka, wanajua vituko vya Gicheru. Makokha naye akacheka, akalipokea, akasema aache mchezo. Gicheru hakucheka. Alisimama tu anangoja, kama anavyongoja mota aliyoifunga ianze kuzunguka. Kicheko kikaisha na yeye bado anangoja. Makokha akaliinua gitaa hadi kidevuni. Niliiona pua yake ikipanuka. Niliona midomo yake ikijifunga yenyewe, imebanwa hadi ikawa myeupe. Akalishusha, akasema ameshakula. Gicheru akamwambia hicho si chakula.

Hapo ndipo Mayi aliposema. Hakupaza sauti.

"Makokha. Lamba."

Watu wote waligeuka mlangoni kwa jiko. Makokha akaliinua tena, akalisogeza hadi mdomoni. Hakuweza. Mbao safi kuliko meza yangu ya kulia, na hakuweza hata kuzigusa kwa ulimi. Akaliweka gitaa kwenye nyasi, akapita katikati ya watu, akashika njia ya shamba la miwa. Natamani niseme nilimhurumia. Nilitema mate.

Kiongozi wa wanawake wa kwaya akauliza kuna nini, na Mayi akawaambia. Aliwaambia kwa Kibukusu, polepole, na lile neno alilolikimbia kwenye simu akalitaja kama lilivyo. Wajomba barazani waliangalia vikombe vyao. Wale ndio waliokuwa wakimcheka akivuka barabara. Kisha Mayi akaniambia, "Muulize mkwe wangu anataka kitu hiki kifanyiwe nini." Ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno hilo uani kwetu likimtaja yeye.

Gicheru alijibu kupitia kwangu, macho chini, kama inavyotakiwa. Alisema mbao hizo mzee aliziweka ili mama asianguke. Kwa hiyo ni za mama, aamue mama.

Mayi akasema zichomwe. Gicheru akafungua skrubu, akatoa shingo, akatoa sumaku zake, akatoa kile kifupa na kukitia mfukoni, akaubeba mwili wa gitaa mwenyewe hadi kwenye mafiga ya nje. Mvule haushiki moto upesi. Yale mafuta aliyokuwa ameyapaka ndiyo yaliyoanza, moshi mweusi, na ile harufu niliyoilaumu mifupa ikatoka yote. Watu wa kwaya walifunika pua, nami nikafunika. Yeye alikaa karibu na moto hadi ule mviringo ukapotea.

Kanisa lilipata gitaa lingine, la mukima, ule mti unaopandwa mipakani mwa mashamba, shingo ile ile na sumaku zile zile. Ni zuri, hakuna aliyelikataa, ila nimesikia wengine wakinong'ona kwamba halilii kama lile la kwenye simu. Makokha alikuja Kitale na kondoo, kwa sababu wazee walimwambia mambo ya mkwe hayasafishwi kwa mdomo. Gicheru alimsalimia, akamwuliza habari za njia. Mimi nilipokea kamba ya kondoo bila kumtazama mwenye kondoo. Kila Jumapili anasimama mbele ya kwaya na ule mdomo wake uliobanwa, na mimi nikiwa kwetu Bungoma naenda kusali kanisa lingine.

Gicheru bado anaenda Kabuchai, na bado anavuka barabara. Kipande cha nyama cha mkwe sasa kinafika kwake pia. Anakila vizuri. Na bado analamba mbao, mkitaka kujua. Nimeomba, nimegombana, nimemfichia, lakini sasa huuliza kwanza ubao ulikuwa wapi, mara mbili, kabla ulimi haujatoka. Hilo swali lake naliona baya kuliko kulamba kwenyewe, kwa sababu zamani hakuwa nalo.

Kitu nilichomwomba cha mwisho ni ile rekodi. Nilimwambia awatumie watu ujumbe waifute. Akakataa. Akasema mlio ule ulikuwa wa kweli, na shukrani alizitoa kwa moyo, sasa afute nini.

Basi juzi nilikuwa Bungoma mjini kununua uzi kwa Edah, mama mmoja mwenye kibanda nyuma ya soko. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye rafu ya vifungo inapiga muziki. Wimbo ukaisha, kukawa kimya kidogo, halafu nikasikia kuku mmoja kwa mbali, yule ambaye hatukumfungia vizuri siku ile. Nikajua kabla Gicheru hajasema.

"Nawashukuru kwa kunihesabu mtu wao. Sasa sikilizeni."

Edah akafumba macho, akasema mlio huo humtoa uchovu wote, akauliza kama namjua huyo mtu na hao wakwe zake wazuri. Mate yalinijaa mdomoni, yale ya mtu anayetaka kutapika. Nikamwambia anipimie uzi, niende.